Safari ya Siku Moja Kupita Jangwani: Toka Marsabit Mpaka Moyale

Barabara kuu itokayo Isiolo, ikapita Archer's Post na Laisamis, ikapanda mlima wa Marsabit, kisha ikashuka tena mpaka Moyale katika mpaka wa Kenya na Ethiopia, ina urefu wa kilomita 500 na zaidi kidogo. Kabla ya kutiwa lami ilikuwa njia ya changarawe na mawe, nayo ilikuwa na sifa mbaya miongoni mwa madereva. Kazi ya kuitia lami ilikwenda kipande kwa kipande, ikamalizika katika miaka ya 2010. Leo twataka kusema juu ya nusu yake ya mwisho tu, yaani toka Marsabit mpaka Moyale, kilomita 250 hivi, ambayo hupita katika jangwa la Dida Galgalu. Mtu atokaye asubuhi hufika kabla ya adhuhuri. Na kwa kuwa safari ni fupi, wengi huiona kuwa haihitaji mashauri. Sisi twaona ya kuwa yahitaji mashauri mengi, na sababu zake tutazieleza.

Katika siku za mawe msafiri alipanda juu ya lori la ng'ombe, akakaa juu ya vyuma, na wanyama walikuwa chini yake. Springi zilivunjika, matairi yalipasuka, na kwa ajili ya hofu ya majambazi magari yalikwenda kwa msafara pamoja na askari wenye bunduki. Safari ya mchana mmoja iliweza kula siku mbili au tatu. Lakini kwa kuwa msafiri yule hakujua atafika lini, alichukua maji ya kutosha, na chakula, na blanketi, na watu wa kwao walijua siku aliyotoka. Msafiri wa leo anajua atafika saa ngapi, basi huchukua chupa moja ya maji na simu. Lami imepunguza saa za safari. Haikupunguza joto, wala haikuchimba kisima. Gari likiharibika leo katikati ya Bubisa na Turbi, husimama pale pale liliposimama lile la zamani, nao waliomo huona kiu ile ile.

Tena kuna jambo moja la mahali penyewe ambalo huwadanganya wageni, hata wenyeji pia. Marsabit ni mlima mrefu, uliokuwa volkano hapo kale, nao una msitu na maziwa madogo ndani ya mashimo ya volkano. Ndiko alikoishi yule ndovu Ahmed mwenye pembe kubwa, aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta katika mwaka wa 1970, akafa mwaka wa 1974. Mlimani asubuhi huwa na ukungu na baridi, watu huvaa makoti, na mtu hana haja ya maji ila chai. Hapo ndipo safari hupangwa! Mtu aliyejikunyata katika koti aulizwapo, "Tuchukue maji kiasi gani?" atajibu kwa kadiri ya baridi aionayo. Lakini kwa kila mita 1,000 mtu ashukazo, hewa huzidi joto kwa nyuzi 6 hivi, na barabara hii hushuka mamia ya mita katika muda mfupi. Chini kuna uwanda mpana wa mawe meusi yaliyotoka katika volkano, na kitu cheusi hunywa joto la jua kuliko cheupe, kama ajuavyo kila mwalimu aliyepata kuwaonyesha watoto bati jeusi na bati jeupe yaliyoanikwa pamoja. Basi ukiwa Marsabit usihesabu kwa ngozi yako. Hesabu kwa habari za huko uendako.

Hesabu ya kwanza ni ya saa. Sheria ya Kenya yaruhusu magari ya abiria na ya mizigo kwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika barabara kuu, na katika vituo vya biashara 50. Tuseme gari laenda 80: kilomita 250 ni saa tatu na dakika chache. Lakini hakuna aendaye bila kusimama. Kuna vizuizi vya polisi, ambapo kila mtu hutakiwa kuonyesha kitambulisho chake, kuna mifugo, kuna kunyosha miguu. Yafaa kuhesabu saa nne na nusu. Atokaye Marsabit saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, ukungu ukiwa umeanza kuinuka, atafika Moyale saa tano, na sehemu mbaya ya jangwa ataipita kabla jua halijawa kali. Atokaye saa nne, kwa kuwa alikuwa akingoja abiria mmoja, atakuwa katikati ya mawe meusi adhuhuri kamili. Mwendo ni ule ule na gari ni lile lile, lakini hizo ni safari mbili mbalimbali.

Wako wapendao kwenda na kurudi siku ile ile. Jambo hili lawezekana, walakini hesabu yake ni ya kubana. Jua huchwa saa kumi na mbili na nusu hivi. Mtu apendaye kuwa Marsabit kabla ya giza sharti aondoke Moyale saa saba isipite, yaani awe na saa mbili tu za kazi yake huko, kisha apite jangwani katika saa za joto jingi na usingizi mwingi. Kwa dereva mmoja sisi hatupendi shauri hilo. Kulala Moyale usiku mmoja ni gharama ndogo, na chifu apelekaye wazee wa baraza au mgonjwa afadhali aweke fedha ya malazi tangu mwanzo, kuliko kumwacha dereva ajishindanishe na jua.

Hesabu ya pili ni ya maji, na hapa tutakaa kidogo. Mtu aketiye kivulini hutokwa na jasho bila kujua, maana hewa kavu hulikausha upesi kabla halijaonekana; afanyaye kazi juani, kama kubadili tairi, aweza kupoteza lita nzima katika saa moja, pengine na zaidi. Shauri letu ni lita tano kwa kila mtu aliyemo garini, mkubwa kwa mdogo, hata kama safari ni ya saa nne. Kati ya hizo, mbili ni za kunywa njiani, na tatu ni za siku ambayo gari litakataa. Gari la watu wanane basi lachukua lita 40, yaani majerikeni mawili ya lita 20. Si mzigo mkubwa. Ongeza jerikeni moja la rejeta, nalo lisichanganywe na ya kunywa.

Tena ongeza jerikeni moja la watu wengine. Wasafiri wa njia ile wanajua ya kuwa watoto na wachungaji husimama kando ya lami wakiinua vyombo vitupu, hasa wakati wa ukame. Hawaombi fedha, wanaomba maji. Kisima chao pengine ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, nao wako nyuma ya mbuzi tangu alfajiri. Katika nchi ile kumnyima mtu maji si jambo dogo, na mwenye hesabu ya lita tano kwa kila mtu hawezi kutoa bila kuwapunja watoto walio garini mwake mwenyewe. Basi afadhali ya kutoa iwe imetengwa mapema, ipate kutolewa kwa moyo mweupe. Unapotaka kutoa, toka kabisa katika barabara na usimame kando. Usiwatupie chupa kutoka katika gari liendalo, maana mtoto huikimbilia bila kutazama nyuma.

Juu ya gari lenyewe fundi anajua kuliko sisi, lakini yako mambo ambayo hata asiye fundi aweza kuyauliza kabla hajalipa nauli. La kwanza ni matairi. Watu wengi hudhani ya kuwa tairi hupasuka jangwani kwa sababu lina upepo mwingi, nao huupunguza. Kwa kawaida ni kinyume. Tairi lenye upepo haba hujikunja kila lizungukapo, na kule kujikunja mara maelfu hulitia joto la ndani kuliko lile la barabara, mpaka matabaka ya mpira yaachane. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, ujazwe kwa kadiri ya mzigo. Na likiisha kupata moto usiupunguze, maana kuongezeka kwake wakati ule ni kwa kawaida. Tairi la akiba nalo lipimwe, kwa kuwa mara nyingi ndilo lililosahauliwa tangu mwaka jana. Jeki iwepo, na kipande cha ubao cha kuweka chini yake, na spana inayoingia katika nati za gari lile, si la jirani.

La pili ni rejeta. Mshale wa joto ukipanda, simama, zima injini, fungua boneti, na ungoje. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Maji yaliyomo yamefungiwa kwa nguvu, nayo huwa na moto kupita ule wa maji yachemkayo sufuriani. Kifuniko kikilegezwa huruka yote kwa pigo moja usoni mwa mtu. Nusu saa ya subira yatosha katika hali nyingi. Na tuseme wazi: maji ya rejeta hayanyweki hata kwa kiu ya namna gani, kwa kuwa dawa itiwayo humo ni sumu, ijapokuwa ladha yake ni tamu.

Petroli ijazwe Marsabit. Gari liendalo kilomita 10 kwa lita lahitaji lita 25 kufika, lakini usitoke na 25. Toka na 40, kwa kuwa upepo wa uwanda ule ni mkali, na mashine ya ubaridi nayo hula mafuta. Mafuta yauzwayo kwa chupa katika vituo vidogo yasitiwe katika hesabu: yakiwapo ni bahati.

Sasa twaja katika jambo ambalo waalimu watapenda kuwaeleza wanafunzi wao, nalo ni mazigazi. Msafiri wa uwanda huona mbele yake ziwa la maji juu ya lami, linang'aa, na akikaribia hutoweka likatokea jingine mbele. Watu wamelitolea maneno mengi, lakini sababu yake ni nyepesi. Nuru ipitapo toka hewa ya baridi kuingia hewa ya moto hupinda. Lami ikishika joto, hewa iliyo karibu nayo huwa moto na nyepesi kuliko ile ya juu. Basi nuru ya mbingu ishukayo kuelekea barabarani hupindishwa ikainuka tena kabla haijagusa chini, ikaingia machoni mwetu. Jicho huamini ya kuwa nuru zote huja kwa njia iliyonyoka, hivyo huiona mbingu imelala barabarani, nasi twasema ni maji.

Kama yangekuwa maajabu tu, tusingepoteza wino. Lakini mazigazi yaweza kulimeza lori lijalo, usilione mpaka liwe karibu, au kulionyesha kana kwamba laelea mbali sana nalo li karibu. Tena uwanda hauna mti wala nyumba ya kupimia umbali. Kwa hiyo dereva atakaye kulipita gari la mbele asiseme, "Njia ni nyeupe." Angoje mpaka aione lami yenyewe, nyeusi na kavu, kwa umbali wa kutosha. Kadhalika, barabara iliyonyoka kwa muda mrefu huyapoza macho. Dereva huona kilomita 110 kama 60, na usingizi humjia akiwa amefumbua macho. Yafaa asimame kila baada ya saa moja na nusu, ashuke, azunguke gari, aguse matairi kwa mkono. Tairi moja likiwa moto kupita mengine, hapo pana kasoro.

Ngamia ndiye mwenye njia katika nchi ile, na dereva ni mgeni wake. Wagabra na Warendille huishi kwa ngamia: maziwa ni chakula, mgongo ni lori la kuhamia, na mmoja akifa nyumba nzima hupungukiwa. Naye ngamia ni hatari ya namna ya peke yake kwa motokaa. Ng'ombe agongwapo husukumwa mbele. Ngamia ana miguu mirefu, hivyo motokaa humkata miguu, na kiwiliwili chote, ambacho uzito wake ni mamia ya kilo, huanguka juu ya kioo cha mbele na paa, palipo vichwa vya watu. Jambo hili lajulikana sana pia katika Oman na Saudia, ambako barabara nzuri na ngamia hukutana vile vile.

Hebu tupige hesabu. Gari liendalo 80 huenda mita 22 kwa kila sekunde. Dereva huona, huamua, hukanyaga breki: sekunde moja na nusu imepita, na mita 33 zimekwisha. Kisha breki hushika, na katika lami kavu zahitajiwa mita 38 hivi. Jumla ni mita 70. Kwa mwendo wa 110 jumla hufika karibu mita 120. Taa za chini za motokaa huangaza mita 60 hivi. Kwa maneno mengine, aendaye usiku kwa mwendo huo amekwisha kumgonga ngamia kabla hajamwona, hata akiwa dereva hodari na breki zake zikiwa mpya. Ndiyo maana tulisema juu ya kuingia Marsabit kabla ya giza. Na mchana, ukiona ngamia mmoja amevuka, usiongeze mwendo. Wengine wako nyuma yake, na mtoto wao ni wa mwisho.

Wakati wa mvua, yaani mwezi wa nne na wa tano, na tena wa kumi na wa kumi na moja, hatari hubadilika sura. Mito ya nchi ile ni mikavu karibu mwaka mzima, wenyeji huiita laga, lakini mvua ikinyesha mbali milimani, maji huja kwa ghafula mahali ambapo mbingu ni safi kabisa. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 huweza kulibeba gari. Yakipita juu ya barabara, simama mahali pa juu ungoje; mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Asiyesubiri hutegemea kwamba lami i pale chini, na pengine imekwisha kuchukuliwa.

Gari likiharibika kabisa, kaeni nalo. Gari huonekana toka mbali, mtu mmoja haonekani. Tena ndilo kivuli pekee. Lakini msikae ndani na vioo vimefungwa: joto la ndani hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10, na mtoto aliyeachwa humo hata kwa muda mfupi yumo hatarini. Kaeni upande wa kivuli, juu ya mkeka au viti vilivyotolewa, maana mawe yale yana moto kuliko hewa. Kunyweni mwonapo kiu. Kuyaficha maji katika chombo hali mtu anazimia hakufai kitu. Mmoja akianza kuumwa kichwa, kutapika, au kusema maneno yasiyo na maana, mlazeni kivulini, mloweshe nguo, mmpepee bila kukoma, na gari la kwanza lipitalo limchukue yeye kabla ya mwenye gari. Magari hupita siku hizi, nayo ndiyo faida kubwa ya lami. Ajaribuye kutembea mchana kwenda Turbi kwa sababu "si mbali" amekwisha kuwatia wenziwe katika kazi mbili badala ya moja.

Hapana budi pia kuuliza polisi habari za njia asubuhi ile kabla ya kutoka, kwa kuwa magomvi ya mifugo na malisho hutokea katika sehemu zile, nao ndio wajuao. Simu hufanya kazi karibu na vituo, lakini usiitegemee katikati. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye akili abaki Marsabit na karatasi: majina ya waliomo, namba ya gari, saa ya kutoka, na saa ambayo akikosa habari atakwenda kwa polisi au kwa mwenye gari jingine. Sisi tungeandika saa nane ya mchana.

Moyale ni mji mmoja wenye nchi mbili, na tangu Desemba 2020 kuna kituo kimoja cha pamoja cha forodha na uhamiaji. Avukaye na gari akumbuke ya kuwa upande wa Ethiopia magari hushika kulia. Asiyevuka ana kazi moja kabla ya kuagiza chai: kumpigia simu yule aliyebaki na karatasi. Asipopigiwa, saa nane atalitoa gari la watu kutafuta jangwani. Na gari likitoka bure mara moja, mara ya pili mwenyewe atasema kwanza tungojee mpaka kesho.